Uchumba wa Bandia Unapoingia Kwenye Daftari la Mama

Hadithi ya wachumba wa kuigiza hufia njiani, mara nyingi sehemu ya tatu au ya nne, na ugonjwa unaoiua ni uleule: msomaji anauliza, "Kwani si waseme tu ukweli yaishe?" na mwandishi hana jibu. Sisi tumeandika za namna hii za kutosha, zilizofika mwisho na zilizoachwa katikati, na tukizilaza pamoja mezani tofauti yake haiko kwenye sura za wahusika wala utamu wa maneno ya mahaba. Iko kwenye ndugu. Kwetu uchumba ukishatamkwa hauwi tena wa watu wawili. Mama ameshampigia shangazi, shangazi amewaambia wa kanisani, na kabla jua halijazama kuna mtu anauliza sare ya harusi itakuwa rangi gani. Mwandishi anayewaacha wapenzi wake wa bandia wadanganye watu wa hotelini na wafanyakazi wenzao tu, anaitupa sehemu tamu kuliko zote.

Tuchukue mfano mmoja twende nao mpaka mwisho. Neema ana miaka 31, ni mkaguzi wa hesabu, amepanga Tabata. Kwao ni Suji, milimani Upare Kusini, na ni Msabato wa kuzaliwa. Wasabato walianzia kazi yao nchini kwenye milima hiyohiyo mwaka 1903, kwa hiyo dini yake ameirithi pamoja na shamba. Elibariki ana miaka 34, Mlutheri wa Marangu, na kazi yake ni kushika kipaza sauti kwenye sherehe za watu Dar es Salaam. Ni MC.

Watu wengi wakitaka wahusika wasiofanana huandika sifa: huyu mpole, yule mchangamfu, huyu anapenda vitabu, yule anapenda disko. Sifa hazigongani. Ratiba ndizo zinazogongana. Sabato ya Neema inaanza Ijumaa jua likizama na kwisha Jumamosi jua likizama, na ndani ya saa hizo hafanyi kazi wala biashara. Elibariki kula yake iko Jumamosi. Ukumbi, waalikwa, keki, muziki wa kwaito, vyote vinamngoja Jumamosi. Hapo hujaandika hata ugomvi mmoja, lakini wiki yenyewe imeshawatenganisha: siku ambayo mmoja amefunga simu, mwenzake ndiyo anavaa suti. Ongeza tofauti ya pili kwenye fedha. Neema anatunza risiti ya maji ya kunywa, Elibariki anapokea malipo ya awali leo na kesho yameishia kwenye mafuta ya gari na viatu vya jukwaani. Ongeza ya tatu kwenye sauti. Elibariki hawezi kuvumilia chumba kilichonyamaza. Neema akiulizwa swali, hunyamaza kwanza, hesabu inapita usoni, ndipo ajibu. Tatu zinatosha. Ukifika tano unaanza kuandika katuni.

Halafu tafuta kitu kimoja walicho nacho wote wawili na wasichokijua. Hawa wote wanaishi kwa kuangalia vya wengine: mmoja anakagua pesa zisizo zake, mwingine anachochea furaha isiyo yake, kisha kila mmoja anarudi nyumbani peke yake saa 8 usiku au saa 11 jioni. Usilitamke hili mapema. Likitoka mdomoni mwa mhusika karibu na sehemu ya 15 ya hadithi ya sehemu 24, linakuwa na uzito wake.

Mpare na Mchagga ni watani, na hilo ni zawadi kwa mwandishi. Mtani anaruhusiwa kukutukana msibani na harusini, na wewe huruhusiwi kununa. Wawili hawa wanaweza kuambiana ukweli mzito mbele ya ukumbi mzima, watu wakacheka, na wao wenyewe tu wakajua kwamba ule haukuwa utani. Lakini utani una kipimo. Kejeli za ubahili wa Mpare na tamaa ya fedha ya Mchagga kila msomaji anazijua tangu shule ya msingi. Zikizidi mbili kwa sehemu moja zinachosha, na zikisemwa na msimulizi badala ya wahusika zinakuwa matusi matupu. Dawa yake ni kuzipindua: atakayetoa pesa yake mfukoni bila kuombwa awe ndiye anayetaniwa kwa ubahili. Tutafika.

Sasa sababu ya uongo. Kipimo chetu ni kimoja: je, huyu angeweza kusema "hapana" akalala usingizi? Kama ndiyo, sababu ni mbovu. Presha ya "utaolewa lini" haitoshi, maana kila mtu ameshajifunza kuicheka na kubadilisha mazungumzo. Anayemsukuma mhusika kudanganya awe mtu anayempenda na ambaye ana haki ya kudai. Na lazima wote wawili wawe na sababu, kila mmoja ya kwake. Mmoja akiwa anamsaidia tu mwenzake, ataweza kuondoka wakati wowote, na hadithi haina mlango uliofungwa.

Kwa Neema, tumpe mdogo wake wa kike. Amepata mtu, mshenga yuko tayari, lakini baba hataki mdogo amruke mkubwa. Mzee hapigi kelele; anasema tu, "Tungoje kidogo." Ametamka hivyo miaka miwili. Neema akionekana ana mchumba, njia ya mdogo inafunguka. Uongo wake ni wa mapenzi, na ndiyo maana utamuuma.

Kwa Elibariki, tumpe mama na daftari. Hapa tunaomba utulie, maana ndipo hadithi nzima inapolala. Mama yake ana kaunta buku la miaka ishirini na zaidi. Kila harusi ya jirani, ya mwanakwaya mwenzake, ya mtoto wa mwalimu, ameandika alichotoa: jina, mwaka, kiasi. Wapo waliopewa fedha, wapo waliopewa mkungu wa ndizi, yupo aliyepewa mbuzi. Mchango wa harusi kwetu ni akiba iliyowekwa mikononi mwa watu, na inarudi siku mwanao anapooa. Mama huyu amewaozesha watoto wa kijiji kizima. Anaposema "nataka nikuone unaoa kabla sijafa" msomaji ameshasikia hayo mara mia. Anapofungua kaunta buku, akapitisha kidole kwenye majina na kusema, "Huyu ameshafariki, mchango wangu ameondoka nao. Huyu naye anaumwa," hapo Elibariki hawezi kusema hapana. Wala sisi tusingeweza.

Uongo utamkwe mwisho wa sehemu ya pili. Ukichelewa hadi ya nne msomaji ameshachoka kungoja kitu alichokijia.

Masharti ya mkataba wao yawe manne au matano, na kila moja liwe la kitu kinachoonekana kwa macho. "Tusipendane" haliwezi kuvunjwa mbele ya watu, kwa hiyo halifai. Neema angeandika hivi nyuma ya risiti ya duka: hakuna kuitana majina ya mapenzi, hakuna kushikana zaidi ya mkono, kila shilingi itakayotumika iandikwe, Jumamosi yangu haiguswi, mwisho ni tarehe 2 Januari. Kisha yavunje yote, moja moja, na kila sharti livunjwe na yule aliyelidai. Neema aliyekataza majina ya mapenzi ndiye ajikute amemwita "baba" mbele ya mama mkwe, kwa sauti ya kawaida kabisa, akimwomba apishe sufuria. Kosa la waandishi wengi ni kuvunja masharti mawili kwa pigo moja. Kila uvunjaji unastahili sehemu yake na hofu yake.

Kuhusu kalenda, usibuni. Fungua kalenda halisi uone siku zinaangukia wapi, maana mara nyingi inakuandikia nusu ya kazi. Krismasi ya 2021 iliangukia Jumamosi, na ya 2027 itakuwa Jumamosi tena. Chukua ya 2021. Wachagga wanapanda kwao Desemba, watu wanasema wanakwenda kuhesabiwa, na siku kuu ya kumtambulisha mgeni Marangu imeangukia ndani ya Sabato ya Neema. Mkesha ni Ijumaa tarehe 24. Jua la Kilimanjaro mwezi huo huzama saa 12 na nusu jioni na dakika chache. Una saa ya kuhesabu na hujabuni chochote.

Safari sasa. Kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, mpaka Moshi ni karibu kilomita 550: Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Hedaru, Makanya, Same, Mwanga, Himo. Anayekwenda Marangu anashuka Himo. Basi lingeondoka saa 12 asubuhi wangefika mapema, lakini ni Desemba: likichelewa saa tatu kuondoka, likasimama kwenye foleni ya mizani, likapata pancha moja baada ya Mombo, Sabato inamkuta Neema barabarani. Na angalia inamkutia wapi. Makanya ndipo inapochepukia njia ya kwao, Suji. Jua linazama, njia ya nyumbani kwa baba yake inapita dirishani, naye yuko kwenye kiti cha dirishani akienda kutambulishwa kwa watu wengine kama mchumba wa uongo. Usiandike hapo kwamba alijisikia vibaya. Andika kwamba alizima simu, akaiweka kwenye mkoba, akafunga zipu. Msomaji anayejua Sabato ataelewa, na asiyejua ataelewa pia.

Humo ndani ya basi ndimo pia mahali pa ukaribu. Tunasema hivi kwa sababu kuna mtego ambao waandishi wachanga huuleta kutoka kwenye sinema za mbali: chumba kimoja, kitanda kimoja. Hakuna mama wa Marangu wala wa Suji atakayewalaza wageni wasiooana chumba kimoja. Ukiandika hivyo, msomaji anaacha kukuamini na ana haki. Ukaribu wa kulazimishwa utafute palipo nao kweli: viti viwili vya basi kwa saa kumi, jiko la kuni lenye moshi, foleni ya maji, safari ya kupeleka sahani kwa jirani usiku na tochi moja.

Kwenye basi fanya jambo dogo. Baada ya Chalinze Neema anasinzia, kichwa kinamwangukia Elibariki begani. Anazinduka Korogwe, moyo unamwenda mbio, anamtazama: Elibariki anakoroma, mdomo wazi. Afadhali, hajajua. Anajisogeza taratibu. Basi. Usiongeze neno, endelea na safari, na usilirudie kwa sehemu nne nzima.

Ulilolipanda utalivuna usiku wa pili Marangu. Mgeni wa kike hulazwa na bibi, au na wasichana wa nyumbani. Mlaze na bibi. Kitanda cha mbao, blanketi zito, baridi ya mlimani, taa imezimwa.

"Umelala?"

"Bado, bibi."

"Huyu mjukuu wangu, eti anakoroma?"

Neema ananyamaza. Akisema ndiyo, bibi atauliza amejuaje. Akisema hajui, mchumba gani asiyejua kitu.

"Kwenye basi alikoroma, bibi. Nilipoamka Korogwe nikamkuta anakoroma."

Bibi akacheka kicheko kifupi, cha puani. "Na wewe ulikuwa umelalia wapi?"

Kimya.

"Eli hakoromi, mwanangu. Tangu mdogo, ukimsikia anakoroma ujue yuko macho. Ni pale ambapo hataki aondolewe alipo."

Bibi akageukia ukutani, akavuta blanketi. Neema hakulala mpaka majogoo.

Angalia kazi iliyofanyika hapo. Swali la bibi lina miiba pande zote mbili, na ndivyo maswali ya kuwapima wachumba yanavyopaswa kuwa. "Mlikutana wapi" ni swali bure, wameshalifanyia mazoezi. Shangazi mzuri kwenye hadithi huuliza kitu ambacho ni mtu aliyeishi jirani na mwenzake tu ndiye anayekijua: akikasirika hula au huacha kula? Akiumwa humwita nani? Jibu analobuni mmoja lazima mwenzake alibebe hadi mwisho wa hadithi. Neema akisema Elibariki hali pilipili, basi kijana wa watu ale chakula kisicho na pilipili siku nane mbele ya mama yake aliyemlea na pilipili. Bibi naye, kama umeona, ameshajua kila kitu. Mwache ajue. Wazee wa hadithi zetu wakiwa wajinga tunawakosea, na pia tunapoteza raha ya kumwona mtu mzima akichagua kunyamaza kwa sababu zake.

Krismasi asubuhi mbuzi anachinjwa. Mgeni wa heshima anapewa bakuli la kisusio, supu ya mbuzi yenye damu yake, na kata ya mbege, pombe ya ndizi mbivu na ulezi. Msabato hali damu, hanywi pombe, na leo ni Jumamosi. Mikono miwili ya mama mkwe imenyooshwa na bakuli, ukoo mzima umetulia. Mandhari hii inaharibiwa kwa namna mbili. Moja ni kumfanya Neema anywe kwa siri kisha atapike. Hicho ni kichekesho rahisi, na kinaikanyaga imani yake. Nyingine ni kumfanya mama awe katili. Mama hana ubaya, anampa kilicho bora. Kinachofanya kazi ni Elibariki kusimama na kuchukua bakuli kwa mikono miwili, akatumia mdomo wake wa kazi: awatangazie watu kwamba kwa Wapare mgeni hali mpaka jua lizame, kwa hiyo bakuli hili atalishika yeye kwa niaba. Watani wanacheka, mama anacheka. Kisha, na hili ndilo linalogeuza hadithi, akae naye. Vijana wanakwenda barabarani, muziki umeanza, kuna sherehe jirani iliyomwomba aishike kwa malipo ya kutosha, yeye anakaa kwenye benchi nyuma ya nyumba, migombani, kimya, mpaka saa 12 na nusu na dakika zake. MC aliyeacha usiku wa Jumamosi wa Desemba amelipa. Wasomaji wanajua bei yake bila kuambiwa.

Neno moja kuhusu mipaka ya uongo, maana tumeona hadithi nzuri zikianguka hapa. Wahusika wako wakiwa Waislamu, usiwafungishe nikahi ya maigizo halafu ukaandika kwamba haikuwa kweli. Iko hadithi ya Mtume inayojulikana kila madrasa: mambo matatu, ukiyafanya kwa dhati ni dhati na ukiyafanya kwa mzaha ni dhati, nayo ni nikahi, talaka na kumrejea mke. Walii akiwepo, mashahidi wawili wakiwepo, ijabu na kabuli, maneno ya kuozesha na ya kukubali, zikitamkwa, msomaji wa Tanga au Mombasa anajua hawa wameshaoana, hata kama mwandishi hajui. Unaweza kulitumia hilo kwa makusudi, ni hadithi kubwa kabisa, lakini si kwa bahati mbaya. Kwa Wakristo wengi mpaka uko kwenye matangazo: majina yakisomwa kanisani Jumapili ya kwanza, ya pili na ya tatu, mtu anaulizwa kama ana pingamizi, na kudanganya kumehamia madhabahuni. Simama kabla ya tangazo la kwanza. Serikali nayo ina saa yake: kwa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa. Sheria hiyohiyo inamruhusu aliyevunjiwa ahadi ya ndoa kudai fidia mahakamani, isiyozidi hasara aliyoipata kweli. Mpe shangazi mmoja anayeijua sheria hiyo. Atakusaidia sana.

Na mpaka mkubwa kuliko yote ni pesa za watu. Tarehe 27 shangazi anafungua kundi la WhatsApp la kamati bila kuuliza, ana mwenyekiti, katibu na mhazini, na kabla ya saa sita mchana michango imeanza kuingia. Hapa kicheko kinabadilika sura. Mpaka jana walikuwa wanadanganya. Kuanzia leo wanachukua mali. Hadithi nyingi zinalipita jambo hili kama mzaha, na ndipo zinapopoteza msomaji wa makamo, kwa sababu yeye ni mchangaji. Anajua elfu ishirini ya mama wa nyanya imetoka wapi.

Lakini una mkaguzi wa hesabu. Mtumie. Mama, akiwa na furaha, anamkabidhi Neema kaunta buku: "Wewe ni mtu wa hesabu, mwanangu, niandikie hawa wanaoanza kutoa." Hakuna kukabidhiwa kukubwa kuliko huko. Neema anaandika kila jina na kila kiasi kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko wake ulionyooka, na pembeni ya kila mstari, kwa penseli, anaweka herufi ndogo: R. Rudisha. Usiku anajumlisha michango pamoja na makato ya kuituma tena kwa simu, na jumla ya makato anaiandika kwenye karatasi nyingine chini ya jina lake mwenyewe. Atayalipa yeye. Mpare. Huo ndio utani tuliosema utapinduka, na usimruhusu mtu yeyote kwenye hadithi aucheke.

Sasa fichuo. Tumejaribu njia zote: simu iliyosikika nyuma ya mlango, mpenzi wa zamani aliyetokea getini, kipaza sauti kilichosahaulika wazi. Zote zinafanya kazi mara moja na zote zina ubovu mmoja: ukweli unatoka kwa bahati, na wahusika hawafanyi uamuzi wowote. Fichuo lenye nguvu hutoka kwa mhusika mwenyewe, nusu siku baada ya pale lilipopaswa kutoka. Jumapili tarehe 2 Januari, siku ya mwisho ya mkataba, mama anafungua kaunta buku asome majina kabla ya ibada, anavaa miwani, anasogeza karatasi dirishani.

"Hii R ni nini, mwanangu? Risiti?"

Angeweza kusema ndiyo. Mama mwenyewe ameshampa jibu. Lakini Neema amejenga maisha yake juu ya kitu kimoja: anaweza kuigiza mapenzi, hawezi kuandika tarakimu ya uongo, na alama ile iko kwenye safu ya tarakimu. Ananyamaza vile anavyonyamaza siku zote, hesabu ikipita usoni, kisha anajibu neno moja. Mama anarudi kwenye karatasi, anapitisha kidole mstari kwa mstari, anasoma kwa sauti ya chini: jina, rudisha. Jina, rudisha. Jina, rudisha. Mwandishi asiingilie hapo. Usielezee machozi, usimlete Elibariki mlangoni mapema. Kidole kifike mwisho wa ukurasa.

Baada ya hapo waachane, na kuachana kuwe na sababu zaidi ya aibu. Elibariki amekasirika kwa sababu alikuwa amepanga kumwomba waendelee kweli siku hiyohiyo, na sasa akisema hivyo itaonekana anajitetea. Neema anaamini alivutiwa na nyumba, na bibi, na benchi la migombani, wala hajui kama alimpenda mtu au alipenda kuwa wa watu wale. Huo ni wasiwasi wa kweli, na unahitaji sehemu mbili au tatu kuutibu. Mdogo wake naye arudishwe kwenye hesabu: baba amesikia, na mshenga ameambiwa angoje tena. Usimsahau, msomaji hatamsahau.

Kuhusu upatanisho, tuna kanuni tunayoishika kuliko zote: kila mmoja amalizie kwa kipaji cha mwenzake. Uchaggani kuna sale, mmea wenye majani marefu unaopandwa mipakani mwa vihamba, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, na ndilo jani la kuombea msamaha. Anayeletewa sale hatarajiwi kukataa. Uzuri wake kwa hadithi hii ni kwamba halihitaji hotuba. Mtu wa maneno, aliyezoea kuchangamsha ukumbi wa watu mia tano, anasimama mbele ya mama yake na jani mkononi, mzee wa ukoo pembeni yake, na hana la kusema. Wacha anyamaze ukurasa mzima. Neema kwa upande wake, asiyependa kusikika, aende mwenyewe kwenye kikao cha kamati, ashike kipaza sauti, awasomee watu majina yao na fedha zao, kisha awaulize mmoja mmoja kama wanataka zirudi leo.

Wengine watasema watazichukua. Ni haki yao, waandikie hivyo. Wengine watasema, "Iache hapo, itakuja kufaa."

Posa ya kweli iwe ngumu kuliko ya bandia. Mshenga anapanda Suji na barua na bahasha. Baba wa Neema, aliyekuwa akisema "tungoje kidogo", anaifungua, anaisoma, anaikunja tena na kuuliza kwa nini imeletwa Jumamosi. Mshenga, ambaye ni mtu wa Marangu na amefundishwa vizuri na Elibariki, anajibu kwamba alifika Makanya saa 9 alasiri, akakaa kwenye kibanda cha chai, akasubiri jua lizame ndipo akapanda. Mzee anatazama nje. Kumeshaingia giza. Anamwita binti mdogo alete viti.

Sehemu ya 24 tunaifunga Marangu, mezani kwa mama. Ameshika ufutio wa shule, amevaa miwani, anafuta R za penseli moja moja na kupuliza vumbi lake. Amebakiza mbili, za wale waliochukua fedha zao. Hizo anaziacha kama zilivyo, anageuza ukurasa, anampa Neema kalamu.